Mjane wa Bastola ya Milioni Mia Tisa

Haikuwa zamani, wala si za kale. Ilikuwa mwaka wa bajeti uliopita, katika nchi moja ambayo jina lake lilifutwa kwenye ramani ili picha ya Rais ipate nafasi ya mabega. Nchi yenyewe ilikuwa tulivu na yenye sheria nyingi. Rushwa ilikatazwa kabisa. Kila mlango wa ofisi ulikuwa na kibao kilichosema hivyo, na tenda ya vibao ilimpendeza kila aliyehusika nayo.

Kwa kuwa rushwa ilikatazwa, waheshimiwa wakaanza kupenda historia.

Aliyetangulia ni Waziri wa Turathi, Mheshimiwa Daktari Brigedia Mstaafu Mwanzalima. Asubuhi moja alitoa sandukuni rivolva, ile bastola ya kizamani yenye silinda ya kuzunguka, akasema ndiyo aliyoishika katika Vita vya Ukombozi, akaiweka kwenye Mnada wa Taifa wa Mtandaoni. Kufika adhuhuri mkandarasi mmoja alikuwa ameinunua kwa milioni arobaini. Kufika alasiri mkandarasi akapata barabara. Kabla jua halijazama, kwa moyo wa uzalendo, akamrudishia Waziri bastola yake iwe zawadi, na kesho yake ikauzwa tena kwa milioni sitini, kwa bwana mmoja aliyekuwa akitafuta bandari.

Waheshimiwa wengine nao wakakumbuka kwamba walipigana. Naibu Waziri wa Uvuvi, aliyezaliwa miaka kumi na mmoja baada ya vita kwisha, alikutwa na bastola tatu. Jaji Mkuu alipata ya kwake chini ya kitanda cha shangazi. Baada ya miezi minne hapakuwa na rivolva nchini iliyouzwa chini ya milioni mia tisa, na wachumi wa serikali wakaeleza redioni kwamba huo ndio ushahidi kuwa wananchi wanalipenda taifa lao kuliko wakati wowote.

Bi Nambua alizisikia habari hizo ghalani. Alikuwa mshona magunia katika ghala la mahindi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwenye vidole vigumu kama mizizi kwa sababu ya kusukuma shazia, ile sindano nene ya magunia, kwenye katani miaka ishirini. Aliposikia milioni mia tisa alicheka na wenzake mpaka akajichoma.

"Nami ninayo moja nyumbani," akasema. "Ya marehemu. Naizuilia mlango usipigwe na upepo."

Ilikuwa kweli. Mume wake, Sajini Mbonea, alipoachishwa jeshi alipewa bastola yake iwe kumbukumbu, pamoja na kibali chenye mhuri. Fundi wa jeshi aliitoa sindano ya kufyatulia, ikawa haiwezi kumdhuru hata panzi. Mbonea aliifunga kwenye kitambaa, akaishi miaka mingi akifuga nyuki, akafa kwa homa ya mapafu bila kumsimulia mtu chochote.

Wiki mbili baada ya kile kicheko, barua ikaja. Ilitoka Mamlaka ya Thamani, na ilianza hivi: "Mpendwa Tajiri."

Mamlaka ilikuwa imepekua vibali vya zamani na kugundua, kwa furaha kubwa, kwamba Bi Nambua anamiliki rivolva moja. Kwa mujibu wa wastani wa bei za Mnada wa Taifa, mali yake ilikuwa milioni mia tisa. Kwa hiyo alikuwa amepandishwa kutoka kundi la Wasiojiweza hadi kundi la Matajiri Daraja la Kwanza, na serikali ilimpongeza kwa bidii yake.

Bi Nambua aliikunja barua akaitia kwenye pindo la kanga, akarudi kwenye magunia. Hakujua kwamba pongezi zina meno.

*

Aliyajua meno hayo Jumatatu, kwenye dirisha la hospitali ya mkoa.

Binti yake, Nakijwa, alikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa watoto wadogo, na figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara mbili kwa wiki mama yake alimpeleka akalazwe kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa saa nne kila mara, naye alitoka pale akiwa mtu tena. Hawakulipa kitu, maana walikuwa na kadi ya Wasiojiweza.

Karani akaiingiza kadi kwenye kompyuta. Kompyuta ikalia.

"Hongera, mama," karani akasema, akisoma kwenye kioo. "Hapa wanasema mmeukata."

"Tumeukata nini, mwanangu?"

"Umaskini. Mko Daraja la Kwanza. Matajiri wanalipia kabla ya kulala kwenye mashine." Akataja kiasi. Bi Nambua angeshona magunia miezi mitatu asile ndipo akifikie, na hicho kilikuwa cha siku moja.

"Mwanangu, mtazame huyu. Mtazame miguu."

Karani hakutazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na amri ya kutazama kioo. "Kompyuta haioni miguu, mama," akasema taratibu. "Nenda Mamlaka, wakushushe."

Nakijwa alikuwa ameketi kwenye benchi, kandambili zimembana kwa uvimbe. "Tumekosa foleni?" akauliza.

"Tumekosa umaskini," mama yake akajibu, akamshika kwapani, wakarudi nyumbani.

*

Mamlaka ya Thamani ilikuwa kwenye jengo la ghorofa tisa lenye lifti ya wageni wa nje. Kwenye ghorofa ya saba, Jumanne, Bi Nambua alimkuta ofisa anayeitwa Bi Leokadia, mwanamke mnene mwenye miwani, akila karanga kutoka droo ya mafaili.

"Shikamoo, afisa," Bi Nambua akasema kwa kuchanganyikiwa, ingawa yule alikuwa rika la binti yake.

"Wee! Usiniamkie wewe, mama, utaniletea laana. Shikamoo. Keti. Una bastola ngapi?"

"Moja. Naomba mwichukue."

Bi Leokadia akatikisa kichwa. Akaeleza, bila haraka, kama mtu aliyeeleza mara nyingi na hajawahi kusikilizwa. Serikali haiwezi kuichukua bure, kwa sababu zawadi ya milioni mia tisa ina kodi yake, na kodi hulipwa na mtoaji. Kuiuza inaruhusiwa, tena inahimizwa, lakini haingii mnadani mpaka iwe na Cheti cha Uhalisi, na ada ya cheti ni sehemu ya kumi ya bei.

"Kwa hiyo nilipe milioni tisini ndipo niuze?"

"Watu wengi hukopa benki."

"Na nikiitupa chooni?"

Bi Leokadia akaacha kutafuna. "Usilitamke hilo humu ndani. Wilaya ya jirani kuna mzee aliitupa yake mtoni. Amefungwa miaka sita kwa kosa la kulizamisha taifa."

Bi Nambua alishuka ghorofa saba kwa ngazi. Chini, mlangoni, alimwona bwana mmoja aliyevaa suti ya rangi ya maziwa akiteremka kwenye gari refu, na mlinzi akasema kwa heshima kwamba huyo ni Bwana Mjarabu, mnunuzi mkubwa wa historia kuliko wote nchini. Mwezi ule pekee alikuwa amenunua bastola tano.

Mwenye njaa hana aibu. Bi Nambua akamkimbilia. "Bwana mkubwa! Ninayo moja. Nipe unachotaka. Nipe pesa za mashine tu."

Bwana Mjarabu akasimama. Alikuwa na sura ya upole. "Bastola yenyewe ya nani, mama?"

"Ya mume wangu."

"Yuko wizara gani?"

"Ni marehemu, bwana. Lakini aliishika vitani kweli. Alishika daraja la Kilongo peke yake."

"Pole sana." Na kweli alionekana kuwa na huruma. "Lakini fikiri, mama yangu. Nikinunua ya marehemu, yeye atanipa barabara gani?"

Akaingia ndani. Jumatano ilipita. Alhamisi, ile siku ya pili ya mashine, ikapita pia. Uso wa Nakijwa ukajaa, macho yakawa mistari miwili. Usingizi ulimkimbia kwa sababu akilala chali alikosa pumzi, basi alikaa ameegemea mgongo wa mama yake, migongo miwili ikizuiana isianguke. Ijumaa daktari kijana, aliyewahurumia akaja kwa miguu baada ya kazi, alimpima akamwita Bi Nambua nje, penye mizinga mitupu ya nyuki.

"Mama, nitasema bila kuzunguka. Maji yameanza kuingia kwenye mapafu. Nimempa dawa ya kuyapunguza, lakini akivuka Ijumaa ijayo bila mashine, msiniite mimi. Iteni shehe au padri, yeyote mliyenaye."

*

Jumatatu Bi Nambua alirudi ghorofa ya saba. Hakuamkia mtu. Aliketi sakafuni mbele ya meza ya Bi Leokadia, akanyoosha miguu, akasema, "Mimi sitoki. Nifungeni."

Bi Leokadia alisimama, akafunga mlango, akapiga magoti kwa shida mpaka mdomo wake ukafika kwenye sikio la mama yule.

"Iko njia moja," akanong'ona. "Ibara ya mwisho. Kitu kisicho na historia hakina thamani. Ukithibitisha mbele ya Tume ya Ushujaa kwamba mume wako hakupigana, bastola inakuwa chuma tu. Unashuka siku hiyo hiyo."

"Nithibitishe vipi kwamba hakupigana, na alipigana?"

"Unaapa. Na shahidi mmoja aliyekuwepo naye anaapa."

"Tume hukaa lini?"

"Wanaotaka kuthibitisha ushujaa husubiri miaka minane. Wanaotaka kuthibitisha woga husikilizwa kila Alhamisi. Hajawahi kuja mtu."

Shahidi alikuwa mmoja tu aliye hai. Mzee Kangero, aliyekuwa vitani pamoja na Mbonea, aliishi ng'ambo ya bonde, na mguu wake wa kushoto ulikuwa haukunjiki. Bi Nambua alimkuta uani akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji yangu. Mtoto anaendeleaje?"

Akamweleza yote. Mzee Kangero alichonga huku akisikiliza, mpini ukawa mwembamba, ukawa fimbo, na alipofika kwenye ombi lenyewe akaacha kisu kikaanguka.

"Unataka niape kwamba Mbonea alikuwa mwoga."

"Ndiyo, shemeji."

"Unajua nini kilitokea darajani?"

"Hakuniambia. Nasikia tu kwa watu."

"Basi sikia kwangu. Tulikuwa na majeruhi kumi na mtu mmoja mwenye tetekuwanga, kuruta mmoja anayeitwa Mwanzalima."

"Huyu Waziri?"

"Huyu huyu. Alibebwa kwenye blanketi, analia anajikuna. Mimi nilivunjika mguu, nikabaki wa mwisho. Mbonea akawaambia wenzake nendeni. Akakaa nyuma ya nguzo na risasi nne. Saa tatu nzima, shemeji! Alifyatua moja, akahama nguzo. Akafyatua nyingine, akahama. Adui akadhani tuko kikosi. Halafu akanibeba. Kila kilichomo katika ua huu, watoto, wajukuu, kuku, kilitoka kwenye mgongo wa yule mtu. Sasa nikasimame nimtemee mate kaburini?"

Bi Nambua hakubishana. Alisema tu, "Twende ukamwone." Mzee Kangero akachukua mkongojo wake, wakavuka bonde polepole. Alipoingia chumbani Nakijwa alijaribu kusimama amwamkie, akashindwa, akasema "Shika..." pumzi ikamkatikia hapo.

Mzee alitoka nje akakaa juu ya mzinga mtupu.

"Alhamisi saa ngapi?" akauliza.

*

Tume ya Ushujaa ilikuwa na wajumbe saba, na mbele ya kila mjumbe palikuwa na mto wa mahameli nyekundu, na juu ya kila mto bastola. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Waziri Mwanzalima mwenyewe. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na pembeni ya jicho lake palikuwa na vishimo viwili vidogo ambavyo magazeti yaliviita makovu ya vita.

"Ndugu wajumbe," alianza, "taifa lisilo na mashujaa ni kama nyumba isiyo na paa, na taifa lenye mashujaa wengi kupita kiasi ni kama paa lisilo na nyumba. Ndiyo maana tunakagua. Mama, sema."

Bi Nambua alisimama. Alikuwa amejifunza maneno njia nzima.

"Mume wangu, Mbonea," akasema, "hakupigana. Alikuwa mpishi."

"Mpishi wa nini?"

"Wa... uji."

Mjumbe mmoja akaandika: uji. "Na bastola aliipata wapi?"

"Aliiokota."

"Alikuwa mwoga?"

Bi Nambua akashika meza. Miaka thelathini na mmoja alilala kando ya mtu yule. Hakupata kumwona akimkimbia nyoka, wala moto, wala nyuki, wala deni. Alifumba macho akamwona Nakijwa ameegemea ukuta nyumbani, kwa kuwa leo mgongo wa mama haukuwepo.

"Sana," akasema. "Alikuwa anaogopa hata giza."

Mzee Kangero akaitwa. Aliapa huku akitazama dari. "Alikimbia," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alikimbia vizuri sana."

Ukumbi ukacheka. Waziri hakucheka. Alikuwa akifunua faili polepole, na kidole chake kikasimama mahali.

"Kuna tatizo dogo la kiutaratibu," akasema. "Kumbukumbu za jeshi zinasema daraja la Kilongo lilishikwa na mtu mmoja kwa saa tatu. Kama Mbonea alikuwa jikoni, nani alilishika? Faili halifungwi likiwa na daraja lisilo na mtu. Tutaahirisha hadi mwakani ili wataalamu..."

"Ni wewe, mheshimiwa," Bi Nambua akasema.

Mjumbe mmoja aliacha kalamu hewani. Waziri alimtazama mjane, kisha akamtazama Mzee Kangero, na kwa kitambo kidogo macho yake yalikuwa ya kuruta aliyefungwa kwenye blanketi. Mkono ukamwenda pembeni ya jicho, akajikuna.

"Mimi?" akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe, baba. Ulikaa nyuma ya nguzo. Ulikuwa na risasi nne. Ulifyatua moja, ukahama nguzo." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikutetemeka. "Watu wote wanajua. Wewe tu ndiye hukutaka kusema."

Waziri akavuta pumzi, kifua kikapanda, na kuruta akatoweka. "Unyenyekevu," akawaambia wajumbe, "umekuwa udhaifu wangu tangu utoto. Mzee, unathibitisha?"

Mzee Kangero alisimama juu ya mguu wake usiokunjika. Alivitazama vile vishimo viwili pembeni ya jicho la Waziri.

"Nathibitisha," akasema. "Alishika daraja, na ule ugonjwa haukumzuia."

"Ugonjwa gani?" akauliza mwandishi wa Tume.

"Wa kupenda nchi."

Mhuri ukagongwa. Bastola ya Mbonea iliandikwa BANDIA kwa rangi nyeupe, na ile ya kwenye mto wa Waziri, ambayo sasa ilikuwa imeshika daraja, ikafika bilioni tatu kabla Bi Nambua hajashuka ngazi.

*

Ijumaa asubuhi kompyuta ya hospitali haikulia. Nakijwa alilala kwenye mashine, na saa nne baadaye macho yake yalikuwa yamefunguka.

Redio ya wodini ilikuwa imewashwa. Ilisimulia, kwa tarumbeta, jinsi Mheshimiwa Waziri alivyolishika daraja la Kilongo, na jinsi mpishi mmoja mwoga, Mbonea, alivyojificha nyuma ya sufuria. Vijana wa halmashauri walikuwa tayari makaburini wakifuta neno SHUJAA kwenye kaburi lake kwa patasi.

"Mama," Nakijwa akasema. "Umemuuza baba."

"Sikumuuza," Bi Nambua akajibu. "Ningemuuza ningepata pesa. Nimemtoa bure."

Nakijwa akageukia ukutani. Alimpa mama yake mgongo hivyo hivyo njia nzima, na nyumbani siku nyingine mbili. Siku ya tatu alinyoosha mkono akaushika wa mama yake, bila neno, na Bi Nambua naye hakulidai neno.

Basi habari zilienea. Alhamisi iliyofuata mbele ya Tume palikuwa na wajane tisa. Iliyofuata, mia mbili, na watoto waliokosa shule kwa kuwa wazazi wao ni matajiri, na wazee wenyewe wakiwa hai, wenye vidonda vya risasi, wakiomba watambuliwe kuwa hawakuwahi kufika vitani. Tume ikalazimika kukaa kila siku. Siku ya Ukombozi ilipofika, Mheshimiwa Mwanzalima aliandamana uwanjani peke yake, akajipigia saluti dakika ishirini, na Idara ya Takwimu ikatangaza kwa fahari kwamba adui alifukuzwa na mtu mmoja akisaidiwa na wapishi elfu nne.

Asubuhi ya siku iliyofuata mwanamke mmoja alibisha kwa Bi Nambua. Alikuwa ametembea siku mbili, mjukuu mgonjwa mgongoni.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayejua kusema," akasema.

Bi Nambua akamkaribisha, akampa maji. "Sema alikuwa mpishi. Wanapenda mpishi. Usiseme dereva, watauliza gari."

"Lakini wangu hakurudi, dada. Alifia kule kule, bastola ikaletwa na karatasi ya jeshi. Mpishi anafaje vitani?"

Bi Nambua alifikiri. Mtoto alikohoa mgongoni, kikohozi kikavu cha siku nyingi.

"Sema aliungua," akasema. "Uji ulimmwagikia."

Mwanamke alifumba macho, midomo ikicheza, kama mtoto anayekariri somo. "Aliungua," akasema, na sauti ikamkatika.

"Tena," Bi Nambua akamwambia, akimshika mkono. "Tena, mdogo wangu. Wakikuona unalia hawatakuamini."